Naomba ushauri: michezo gani ya Idd itawafaa bibi, mashangazi na watoto kwa pamoja?

MjukuuWaTanga:
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa nyie wenye familia kubwa.

Idd hii ukoo mzima tunakutana Tanga kwa bibi. Watakuwepo watoto kuanzia darasa la pili, vijana wa chuo, mashangazi, wajomba, na ba'mdogo anayekuja na wanawe kutoka Muscat. Mimi nimepewa kazi ya kuandaa michezo ya usiku, tukishamaliza kula.

Tatizo ni hili. Mwaka jana binamu mmoja alitusomea chemsha bongo kutoka kwenye simu: mji mkuu wa Mongolia, alama ya kemikali ya dhahabu, nani aligundua penisilini. Vijana wa chuo wakabaki wanashindana wao kwa wao. Shangazi yangu mkubwa, ambaye shule aliishia darasa la nne, zamu ilipomfikia akasema "mimi niruke". Ikarudi, "niruke". Mara ya tatu akainuka akaenda uani kuosha masufuria yaliyokwisha kuoshwa. Iliniuma sana. Huyu ni mtu anayekutajia ukoo wetu kizazi baada ya kizazi, nani kazaliwa na nani na nani kaolewa wapi, bila kushika karatasi.

Nataka michezo ya maneno, ya kumbukumbu, hata chemsha bongo, lakini isiyopima vyeti. Bibi macho yamepungua nguvu, kwa hiyo vya kusoma havimfai. Na umeme wetu mnaujua. Natanguliza shukrani.

Mpwani_Pangani:
Dada, anza na vitendawili, na shangazi ndiye atege. Ila vichezwe kama inavyotakiwa. Siku hizi mtu akisema "Kitendawili!" wakajibu "Tega!", wakishindwa tu anawapa jibu hapo hapo. Huko ni kuua mchezo. Mtegaji lazima apewe mji kwanza, na akishaupata aufaidi: nilikwenda Unguja, nikapokewa kwa dufu, nikala biriani, nikalazwa kitanda cha samadari... Jibu ndiyo linafuata. Watoto wanacheka zaidi kwenye mji kuliko kwenye jibu. "Popo mbili zavuka mto" wote wanajua ni macho, wamefundishwa shuleni. Mwombe shangazi vile vya kijijini kwake ambavyo havimo vitabuni.

Kete64:
Bao jamani! Mashimo 32, kete 64, halihitaji umeme wala cheti.

MjukuuWaTanga:
Kete64, bao la babu lipo na wajomba watalicheza mchana. Ila wanacheza wawili, sisi wengine tunabaki kutazama.

MwalimuWaZamu:
Mimi nakuomba usiitupe chemsha bongo. Kilichomtoa shangazi pale ni maswali. Muulize pishi moja ina vibaba vingapi, uone kama atasema niruke. (Ni vinne. Vijana wa chuo wengi watakosa.) Wajomba waulize Taifa Stars ilicheza fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka gani na wapi: 1980, Nigeria. Au Filbert Bayi aliiweka wapi rekodi ya dunia ya mita 1500: Christchurch, New Zealand, 1974. Waliokuwa na redio enzi hizo watakuongezea hadi mtangazaji alivyokuwa anapiga kelele.

Weka pia maswali ya nyumbani kwenu: babu alifanya kazi gani kabla ya kuoa, mnazi wa uani nani aliupanda. Yapitishe kwa bibi mapema, kuna mambo ya ukoo hayafai kuulizwa mbele za watu.

Halafu kila mzee mpe mtoto mmoja. Mzee ananong'ona, mtoto ndiye anatamka jibu. Mzee hakodolewi macho, na mtoto anaondoka na kitu kichwani.

DadaWaNyali:
Huku Mombasa sisi hucheza mnyororo wa silabi. Neno lako lianze na silabi iliyomalizia la mwenzako: meza, zawadi, dirisha, shamba, mbata, taa, asali, limau. Hapo kwenye "mba" ndipo watoto hukwama na nyanya hung'aa, maana mbata, yaani nazi iliyokauka, anaijua tangu utotoni.

Lakini wekeni sheria kabla. Majina pekee, vitenzi hapana. Wingi hapana, la sivyo anayepewa "wa" atasema watu, mwingine wazee, mwingine watoto, usiku kucha. Na "ki" ya kudogosha pia mkataze, kijiti, kijumba, kijitu, hayaishi hayo.

AbuSalim_Muscat:
Hao watoto wa huku wakija na Scrabble ya Kiingereza, ule mchezo wa kupanga vigae vya herufi kuwa maneno, usiwakatalie, ila irekebisheni. Ina K moja tu na E 12, Kiswahili hakiendi hivyo. Sisi tumebandika vikaratasi: Q na X tumezigeuza K, E nne tumezifanya A, na kila C inahesabiwa CH. Alama zake mpange wenyewe, K isibaki na tano. Kiswahili cha wanangu kimekua sana kwa njia hii.

MjukuuWaTanga:
Asanteni sana, nimeshaanza kuyaandika maswali. Na wa kumbukumbu je, ambao bibi ataucheza bila kuona?

Mpwani_Pangani:
"Nilikwenda sokoni." Wa kwanza ananunua nazi, wa pili anataja nazi na bamia, wa tatu nazi, bamia na dagaa, mnaendelea kuongeza. Anayesahau anatoka. Mama yangu hashindwi, na siri yake alinipa: anavipanga kichwani kama anapika, nazi inakunwa, bamia inakatwa, dagaa anaoshwa, kila kitu kina mahali pake jikoni.

MwalimuWaZamu:
Nakubaliana naye. Ila kaeni duara la watu wanane au kumi, msizidi hapo. Wakiwa wengi, wa mwisho wanaonewa na watoto wanasinzia kabla ya zamu yao. Gaweni maduara mawili, bibi awe kwenye moja, shangazi kwenye lingine, na bibi aanze ili orodha isiwe ndefu kwake mzunguko wa kwanza.