Naomba ushauri: mtoto wangu ana ADHD, kanisani wanasema ni pepo

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu, Dodoma. Huyu wa kati ana miaka 8, na tangu chekechea hatulii: anaanza kuandika, anaacha, anapanda dirishani, anadakia maneno ya watu. Mwezi wa nne tukampeleka Mirembe, hospitali ya afya ya akili (hapa mjini ukitaja Mirembe watu wanakuangalia vingine, nimeshazoea). Baada ya kutuhoji sisi na mwalimu wake, daktari akasema ni ADHD, yaani hali ya mtoto kushindwa kutulia na kukaza umakini. Alitueleza kwamba ni jinsi ubongo unavyokua, mara nyingi hurithiwa, wala si malezi mabovu. Mume wangu akacheka: "Basi ndiyo mimi huyo, nilichapwa utoto mzima."

Shida iko kanisani. Mzee mmoja anasisitiza mtoto afunguliwe, na dawa za hospitali tuache kwanza. Jumapili iliyopita ibada ilifika masaa matatu, mtoto akakimbilia madhabahuni, mhudumu akamfinya. Alilia, nami nikalia. Maombi nayataka jamani, ila kwenye Yohana 9 wanafunzi waliuliza nani alitenda dhambi, na Yesu akasema si yule kipofu wala wazazi wake.

Mliopitia hili, mliongeaje na mchungaji bila kuonekana mnabishana na wazee? Ibada ndefu mnaivukaje? Na mlioko Dodoma, tunaweza kukutana hata mara moja kwa mwezi, tuombe na kupeana mbinu? Sebule ipo, chai nitapika.