Tunaokaa bondeni Dar, mnajipangaje kabla ya masika? Sio habari za "hameni"

kigogo_chini
Habari za muda huu wakuu. Masika ndo hiyo inakuja na sisi huku Kigogo upande wa mtoni tumekaa kama kawaida yetu, tunasubiri maji yaingie ndani ndo tuanze kukimbizana na magodoro. Mimi sio kiongozi, nimeingizwa tu kwenye kamati ya mtaa nikakabidhiwa "mambo ya mafuriko", bajeti hamna. Naambiwa nihamasishe watu. Sasa nihamasishe nini, mtu ambaye ukutani kwake kuna alama ya maji ya mwaka jana nimwambie kuna mafuriko? Wengi huku ni wapangaji, kuna bibi amepooza mguu, kuna watoto wanabaki wenyewe mama zao wakiwa sokoni Mabibo toka alfajiri. Nataka vitu vinavyofanyika kwa mchango wa buku buku (elfu moja moja). Kuhama tumeshaambiwa sana, tuliache kwa leo.

Mzee wa Bamvua
Kijana umeuliza la maana. Mimi nimekaa Mkwajuni miaka mingi na kazi yangu ilikuwa baharini, kwa hiyo nitakwambia kitu ambacho vijana wengi hawakiangalii. Mto Msimbazi unatokea kule vilima vya Pugu na Kisarawe unapita Vingunguti, Tabata, hapo kwenu, Jangwani, unamwagikia baharini pale daraja la Salenda. Sasa mwezi ukiandama au ukiwa mpevu bahari inakuwa na bamvua, maji yanajaa sana, na mvua kubwa ikigongana na bahari iliyojaa ule mto unakosa pa kutokea, maji yanarudi nyuma yanatanda. Mvua ileile ikinyesha bahari imetoka inaweza isikufikie hata mlangoni. Kwa hiyo tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa, siku za bamvua ziandike kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, na siku hizo zikikutana na tangazo la mvua kubwa watu walale na nguo.

kigogo_chini
Shikamoo mzee. Hili sijawahi kulisikia kwenye kikao chochote aisee.

Tajiri_wa_Goba
Mnakaa kwenye njia ya maji halafu mnataka jedwali. Hameni tu jamani, baada ya mafuriko ya 2011 serikali iliwapa viwanja Mabwepande kuna watu wakauza wakarudi.

mama_wawili
Mabwepande wakati ule hamna daladala ya maana hamna soko, mtu anayeuza mihogo Kariakoo aende akamuuzie nani? Na mimi mpangaji nikihama leo kesho chumba kina mtu mwingine kwa sababu ni bei rahisi, maji yatamkuta yeye. Ameomba tuliache hilo, soma swali.

Turudi kwenye swali. Nyumbani kwangu nimechukua ndoo ya rangi ile ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, ndani kuna vyeti, kadi ya NIDA, kadi za kliniki za watoto, tochi na dawa za pumu za mkubwa, vyote kwenye nailoni. Ikianza mvua ya kutisha ndoo na watoto tunatoka, tivii itajijua. La pili mein swichi, mfundishe kila mtu mpaka mtoto mkubwa aizime KABLA maji hayajafika kwenye soketi, na maji yakishaingia mtu asiiguse tena. La tatu wanaofungulia vyoo mvua ikinyesha, hili mkubaliane kwenye kikao mapema na muwe wakali, maana yale maji ndo watoto wanayapita asubuhi halafu tunashangaa kipindupindu. Na visima vifupi mkivitegemea baada ya mafuriko mchemshe, usidanganyike na maji meupe.

ramani_za_uswazi
Nilishiriki Ramani Huria, ule mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar, enzi hizo nikiwa mwanafunzi (ilianza 2015), tulipita kata nyingi zinazofurika na wenyeji wakituonyesha maji yalifika wapi, mitaro ipo wapi, inaziba wapi. Data iko wazi kwenye OpenStreetMap (ramani ya mtandaoni), hulipii kitu. Printi ramani ya mtaa wako kubwa, ibandike, halafu waite wazee waichore kwa peni: njia ipi inakatika kwanza, kalavati lipi linaziba, nyumba ipi ina mtu asiyeweza kutembea. Huyo bibi apangiwe vijana wawili kwa majina, sio "majirani watamsaidia", maana siku yenyewe kila jirani anabeba vyake. Na mkubaliane sehemu moja ya juu ya kukimbilia, shule au msikiti, funguo anazo nani saa nane usiku?

Kingine, TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wana ngazi tatu za tahadhari, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, lakini zinatolewa kwa mkoa mzima. Mtaani kwenu mnahitaji mtu Pugu na mtu Vingunguti kwenye grupu la WhatsApp. Huko juu ikinyesha mto hauji saa hiyohiyo, unachukua muda kushuka, na watu huwa wanaponzwa kwa sababu kwao kumekauka. Wenye simu za kitochi msiwasahau, kwa hao tumieni kipaza sauti cha msikiti au filimbi.

fundi_mtaro
Kuzibua mtaro kila mtu anaweza, tatizo mnatoa tope mnaliacha pembeni mvua ya kwanza inalirudisha lote mlemle. Bora mzibue nusu na mlibebe, kuliko mzibue wote mliache. Anzieni chini kwenye kalavati mpande juu, mkianzia juu mnasukumia uchafu kwa wenzenu. Na ule ukuta mdogo wa mlangoni wa matofali mawili, mfuko mmoja wa simenti unatosha milango kadhaa, ila hausaidii kama choo chako kiko chini ya usawa wa sakafu, maji yatapandia huko.

kigogo_chini
Nimeprinti maneno yenu, kikao Jumapili. Wa Pugu au Vingunguti aliyeko humu anicheki PM nimuunge grupu. Na kuna mwenye kirikuu (pikapu ndogo) ya kubeba tope kwa bei ya kibinadamu? Mchango wenyewe mnaujua.

fundi_mtaro
Kirikuu haitaingia kwenye vichochoro vyenu, tafuta guta la magurudumu matatu. Nakutumia namba ya dogo mmoja PM.