Kuku wapya wamegoma kutaga: nisubiri, nibadili chakula au niwauze?

Mama Swaumu, Nyegezi
Habari za jioni wakuu. Wiki mbili zilizopita nilinunua kuku wanane wa kufugia nyuma ya nyumba. Wanne ni wa kienyeji, nimewatoa mnadani upande wa Misungwi. Wanne ni wa mayai, wale wekundu, kutoka kwa mtu aliyekuwa anafunga banda lake. Wekundu siku mbili za kwanza walinipa mayai matano, nikawatangazia majirani. Tangu hapo kimya. Wa kienyeji ndio hata moja sijaliona. Nawapa pumba za mahindi na makombo ya jikoni. Je, nisubiri, ninunue chakula cha dukani, au niuze wote nichukue matemba, yaani majike wachanga wanaokaribia kutaga?

ng'wana_igoma
Dada, hayo matano usiyahesabu, walikuja nayo tumboni. Yai moja huchukua kama saa 25 kukamilika, kwa hiyo lililokwishaanza hutoka tu. Kuku akifungwa miguu, akapakiwa kwenye tenga juu ya bodaboda, akashushwa kwa wenzake asiowajua waanze kudonoana, anakata kutaga. Wiki mbili tatu ni kawaida. Mimi niko kwenye kusubiri.

Fundi Banda
Kusubiri huku unawapa pumba ni kusubiri meli uwanja wa ndege. Ganda la yai moja lina kama gramu 2 za kalisiamu, na pumba haina cha maana. Protini nayo, wekundu wanataka asilimia 16 hadi 18. Chakula cha dukani ni rahisi: kuku mmoja gramu 110 hadi 120 kwa siku, wanane ni karibu kilo moja. Ukichanganya mwenyewe unaokoa hela, ila uwe na jicho. Dagaa wa soko la Mwaloni nawapenda, lakini waliokaushwa chini huja na mchanga na unaupimiwa kwenye kilo. Wachekeche. Mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, chukua ya alizeti. Ya pamba huku kwetu yamejaa, lakini yakizidi, kiini hubadilika rangi na utagaji hushuka. Na maji! Siku moja ya chombo kikavu inatosha kuwakatisha.

Temba Mwekundu
Washeni taa basi, wapate saa 14 hadi 16 za mwanga. Mwanza mchana ni kama saa 12 tu mwaka mzima.

Fundi Banda
Kwa wekundu wanne? Umeme wa LUKU utakula faida yote. Anza na chakula.

Mzee wa Bwiru
Mnampa dawa mgonjwa hamjampima. Mama, subiri giza liingie, wakiwa kwenye kichanja, mshike mmoja mmoja. Chini ya mkia kuna mifupa miwili iliyochongoka. Kati yake vikiingia vidole viwili au vitatu, huyo anataga. Kikiingia kimoja kwa taabu, hatagi, hata umpe pilau. Tazama na tundu: la anayetaga ni pana na lina unyevu, la asiyetaga ni dogo na kavu. Kishungi kiwe chekundu na laini. Angalia shingo pia, kama manyoya yanapukutika na mapya yanachomoza kama vijiti, ameingia likizo ya miezi miwili au mitatu. Ukiwa hapo hapo pekua chini ya mabawa, utitiri nao hukausha kuku. Halafu nikuulize, mtu anayefunga banda anauza kuku wa umri gani? Wengi huuza waliochoka.

Mama Swaumu, Nyegezi
Shikamoo mzee. Aliniambia wana miezi minane.

Mzee wa Bwiru
Marahaba. Vidole havidanganyi, muulize kuku.

dada_luchelele
Hao wa kienyeji mimi siwaamini. Wanataga kwenye nyasi, nyuma ya mawe, popote, na huku kando ya ziwa tuna kenge. Nilimkuta mmoja anajilamba, nikamsamehe kuku wangu hapo hapo. Wafungie hadi saa tano asubuhi, weka karai lenye majani makavu na jiwe jeupe la duara ndani, wadhani ni yai.

ng'wana_igoma
Halafu kuhusu matemba: wa mayai huanza wiki ya 18 hadi 20, wa kienyeji miezi sita au saba. Ukiwauza hawa ukanunua hao, safari ni ile ile ya bodaboda. Unaanza kuhesabu upya.

Mama Swaumu, Nyegezi
Nimerudi. Jana usiku nimewashika wote, mume wangu akimulika kwa tochi ya simu huku akicheka. Wekundu wawili wanaingia vidole viwili. Wawili kidole kimoja, shingo zimejaa vijiti kama mzee alivyosema, na kucha zao ndefu kuliko zangu. Miezi minane gani hiyo! Wa kienyeji mmoja vidole vitatu kamili. Leo sikuwafungulia. Saa nne ametaga kwenye karai, na mwanangu, kwa kumfuata kuku huyo alikokimbilia alipofunguliwa, kakuta mayai sita nyuma ya magunia ya mkaa. Nimeyatia kwenye maji, mawili yanaelea, hayo ni ya zamani. Wale wawili wa kidole kimoja ni supu Jumapili. Dagaa nakwenda kununua kesho, na chekeche nabeba.