Naomba ushauri: nimeskani mtandao wa kazini kwa Nmap, sasa naambiwa ni udukuzi

Wakuu habari zenu. Mi ni fundi tu wa kompyuta kazini, juzi neti ilikuwa inasuasua nikashusha Nmap (programu ya kukagua vifaa na milango iliyo wazi kwenye mtandao) maana ni ya bure, nikaskani mtandao mzima nione vifaa vilivyomo, nikakuta printa moja ya zamani poti 23 (mlango wa mtandao) iko wazi, yani telineti, njia ya kuingia kifaa ukiwa mbali, haina hata paswedi! Nikajua nimefanya la maana nikampelekea bosi, badala ya asante nikaulizwa nani kakuruhusu.

Nimesoma kidogo, Ujerumani walipitisha kifungu 202c mwaka 2007 kubana programu za udukuzi, mafundi wakaogopa kweli, mpaka mahakama ya katiba ikafafanua 2009 kwamba programu yenye matumizi mawili (ya halali na ya uhalifu) haiguswi kama nia si ya uhalifu. Uingereza nao wana sheria ya 1990 ya kuingia kompyuta ya mtu bila ruhusa. Kwa hiyo naona ishu ni ruhusa, na mi niliambiwa kwa mdomo tu "hebu angalia hiyo neti" (hiyo nayo ni ruhusa jamani?).

Sasa niandike barua ya maelezo mapema au ninyamaze wasahau? Na Wireshark, programu ya kunasa data inayopita kwenye mtandao, nayo ipo kwenye laptopu, hiyo ndo inanitisha zaidi maana inaweza kunasa mpaka mawasiliano ya wenzangu, ila nikiifuta saa hizi si nitaonekana naficha ushahidi? Mwenye mfano wa kibali cha kuskani, kinachotaja anwani za IP na muda, naomba anirushie.