Fundi AC wa pale kona ameniambia "haya siyo mambo ya jikoni"

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule fundi AC wa pale kona, mnamjua wote, wa bisibisi sikioni, ndiyo kwanza ametoka kwangu.

Feni ya ndani haizunguki. Mashine ya nje inanguruma, ndani hakuna upepo hata wa kuzima kibiriti. Koili, yale mabomba ya ndani yanayopoza hewa, imeganda barafu tupu, na hili joto la Februari la Dar watoto wamehamia barazani.

Kafika, hata kava hajafungua: "Gesi imeisha. Laki na ishirini." Nikamwambia feni ndiyo imekufa, barafu ni kwa sababu koili haipati upepo, acheki kapasita, kile kidude kinachosaidia mota ya feni kuanza kuzunguka. Akanipandisha akanishusha: "Mama, kaa pembeni, haya siyo mambo ya jikoni."

Mambo ya jikoni! Ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe! Nimezima umeme, nikaisukuma feni kwa kidole, inazunguka laini, haikwami popote. Juzi ilikuwa inavuma tu bila kuondoka. Hiyo ni kapasita au mota! Gesi ikipungua feni inazunguka vilevile, ila baridi ndiyo huipati. Halafu yeye ananiambia jikoni! Na hela ya bodaboda kadai!

Chausiku_Mbagala: Huyo huyo! Alinijazia gesi kwenye bomba linalovuja, hakuziba. Wiki haikuisha, joto palepale.

Kapteni wa Tanga: Kama unajua yote hayo, fundi ulimwita wa nini?

Mleta uzi: Nilimwita aje na kapasita, siyo anipeleke jikoni!

Kapteni wa Tanga: Kwani chakula cha leo kimeiva?

Mleta uzi: Na wewe ndiye ndugu yake, nimeshakujua.

Babu Waya: Dada yuko sahihi. Kapasita hiyo ni ndogo, nyingi kipimo chake ni maikrofaradi 1 hadi 3, imeandikwa ubavuni. Nunua ya namba ileile. Hata umeme ukizimwa inabaki na chaji, itoe kwanza. Ikigoma, pima mota.

Mama Pacha: Afadhali yako ni AC. Fundi cherehani kanishonea sare ya harusi ya kesho, mikono yote miwili ya kushoto!

Chausiku_Mbagala: Yule wa ghorofani? Kitenge changu anacho tangu Idi!

Mleta uzi: Jamani, tuko kwenye AC!

Mama Pacha: Subiri kwanza. Chausiku, alikwambia na wewe kitambaa kilipungua?

Kapteni wa Tanga: Wote huwaambia kimepungua. Mke wake anatembea na vipande vyetu.