Majenerali wa kupewa: Lincoln alikuwa analipa fadhila?

Mwana_Mnazi Mmoja:
Wakuu, jana kijiweni hapa Lindi tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mimi nasema kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 hadi 1865, ujenerali uligawiwa kisiasa. Mzee wetu mmoja kakataa katakata: risasi haijui chama. Mwenye data amwage.

Babu Korosho:
Mwambie mzee amtafute Nathaniel Banks. Spika wa Bunge, kisha gavana wa Massachusetts, jeshini hajawahi kukanyaga. 1861 Rais Lincoln kampa umeja jenerali. Mwaka uliofuata Stonewall Jackson, jenerali wa waasi wa Kusini, akamnyang'anya mizigo mingi hadi askari wa Kusini wakambatiza "Commissary Banks", yaani bwana posho wao!

Sasa njoo kwenye biashara. Viwanda vya nguo vya kwao Massachusetts vilikuwa na njaa ya pamba. 1864 Banks akapandisha jeshi kufuata mto Red, Louisiana, na walanguzi wa pamba wakaongozana naye, wengine mkononi wana vibali vyenye saini ya Lincoln mwenyewe. Mimi nimelima korosho miaka 30, kangomba, walanguzi wa korosho, nawajua kwa harufu. Hawa ni walewale, ila wamesindikizwa na manowari. Mabaharia nao wakawa wanakamata marobota na kuyapiga chapa. Tarehe 8 Aprili Banks akachapwa na jeshi la Kusini huko Mansfield, Louisiana. Kurudi, maji ya mto yamepungua, meli zimekwama Alexandria, hukohuko Louisiana. Zilitoka baada ya mhandisi wa jeshi, Joseph Bailey, kujenga bwawa la magogo na mawe kuinua maji.

Mama Nyangao:
Shikamoo Babu. Kwa nini Lincoln asiwafukuze tu majenerali hao?

Babu Korosho:
Marahaba mwanangu. Kura! Jenerali Sigel alivuta kura za Wajerumani wa Marekani, Jenerali Butler alivuta Wademokrati. Butler alishindwa kuiteka ngome ya Fort Fisher Desemba 1864, uchaguzi ushapita. Januari akaondolewa.

Mama Nyangao:
Basi na Smuts awemo. Waziri wa ulinzi Afrika Kusini, 1916, Vita ya Kwanza ya Dunia, kapewa jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki kupigana na Wajerumani. Januari 1917 kaenda zake London, akisema vita imekwisha. Oktoba ya mwaka uleule watu wakauana hapa Mahiwa, napita na bodaboda kila gulio.

Mwana_Mnazi Mmoja:
Nimemsomea mzee. Banks kakubali, kahawa ya leo juu yake. Smuts kagoma: anasema yule alipigana vita ya Makaburu, si wa kupewa.