Leseni ya kebo mjini kwetu inahuishwa: niunge mkono au nipinge? Naombeni ushauri

Mtoto_wa_Ujiji (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nipo Marekani, Texas, mwaka wa nane sasa, na nimekwama. Mji ninaokaa una kampuni moja tu ya kebo. Leseni yake inaisha, na bodi ya mji inataka kuihuisha kwa miaka 10 mingine. Kikao cha wananchi ni Jumanne. Intaneti ya nyumbani serikali kuu ilikuwa inanichangia dola 30 kwa mwezi. Ule mpango ulipokufa katikati ya 2024 nikabaki na bili yote, leo nalipa 79. Watoto watatu, wote masomo yao yako kwenye kompyuta. Sasa nikisimama kikaoni niunge mkono au nipinge? Usiku wa tatu huu silali. Nawasilisha.

Bando_la_Chuo
Unalia na intaneti isiyoisha? Huku bando la wiki linakata roho Jumanne. Tubadilishane matatizo mkuu.

Mama_Nusrat
Umenikumbusha Mwanza. Miaka ile waya za kebo zilikuwa zinaruka paa hadi paa, wa kwetu ulifungwa kwa kamba ya katani kwenye mwembe. Kunguru akitua tu, picha inajaa chenga. Siku moja ya fainali baba alinipandisha juu ya bati nikaushika ule waya mpaka mpira ukaisha. Nasikia watu wanapiga kelele sebuleni, mimi sijui nani kafunga. Haya, endeleeni.

Fundi_Nguzo
Mkuu, nafunga kebo huku Minnesota, ngoja nikusaidie. Unachanganya vitu viwili. Leseni ya mji ni ya televisheni. Waya ni uleule, lakini bei ya intaneti mji hauna ubavu nayo. Kwa sheria ya 1984 mji unaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 5 ya mapato ya kebo, na intaneti haihesabiwi humo. Ndiyo maana kila anayekata televisheni akabaki na intaneti peke yake, fungu la mji linapungua, na kile kituo cha jamii kinachorusha vikao kinaanza kukohoa.

Na ukipinga, kampuni haifungashi kesho. Kuinyima leseni lazima mji uonyeshe imevunja masharti, au huduma ni mbovu, au haina uwezo, au inachopendekeza hakitoshi mahitaji ya mji. "Bili kubwa" haimo. Tena tangu 1992 mji hauruhusiwi kuipa kampuni moja eneo lote na kuwafungia wengine. Wengine hawaji kwa sababu kuvuta waya wa pili mji mzima ni pesa ndefu, siyo kwamba kuna aliyewazuia.

Binti_Chake
Kaka, mwananchi wa kawaida anaenda kikaoni, anasema dakika zake, anarudi kula. Wewe usiku wa tatu hulali kwa lipi? Unahusikaje?

Mtoto_wa_Ujiji
Dada, nimo kwenye kamati ya kebo ya mji. Tuko watano, hatulipwi hata senti. Sisi tunashauri tu, bodi ndiyo inaamua. Sikutaka kuwachosha na maelezo mengi.

Binti_Chake
Na?

Mtoto_wa_Ujiji
Na mke wangu ameajiriwa na hiyo kampuni tangu mwezi wa nne. Anapokea simu za wateja, leseni haijui hata ikoje! Punguzo la wafanyakazi lenyewe halijaanza. Jamani mnielewe, ni mara ya kwanza familia yangu ina bima ya afya ya maana. Nikipinga, kesho yake atatazamwaje kazini? Halafu kusema kweli masharti siyo mabaya, wameahidi vifaa vipya vya studio.

Mzee_wa_Busara
Ndiyo maana tunasema vijana mkivuka bahari mnaacha adabu uwanja wa ndege. Mwenyekiti wetu wa mtaa akipokea soda mnamwita fisadi. Wewe umepokea mshahara mzima.

Shemeji_wa_Taifa
Mzee mwache. Akipinga, kuna leseni nyingine ya nyumbani itafutwa usiku huohuo, na hiyo haina rufaa 😂

Mkaguzi_Mkuu
Wadau mnajadili chai. Nimekaa Dallas miaka 11. Texas tangu 2005 vibali vya kebo vinatolewa na tume ya jimbo. Mji unakaa kikao cha kuhuisha kitu gani? Mleta mada, kama umepika chai lete na vitumbua.

Bando_la_Chuo
Nilijua! Hiyo "mwezi wa nne" imekaa kitamthilia.

Mtoto_wa_Ujiji
Niliandika Texas kujificha. Watu wa kanisani kwetu wamo humu. Nipo Massachusetts.

Mkaguzi_Mkuu
Kesho utakuwa Alaska. Tupe kitu ambacho hakipo Google.

Mtoto_wa_Ujiji
Tunakutania chumba cha chini cha maktaba, maana Jumatano ukumbi una wazee wanaojifunza dansi. Unasikia visigino juu ya kichwa. Kamera inayoturekodi ni ya kile kituo kinacholipwa na leseni tunayoijadili, na kijana anayeishika anatutazama kama watu walioshika sahani yake. Kibao cha jina langu kimekosewa herufi moja, mwaka wa pili huu. Nimeacha kusahihisha. Ridhika au usiridhike.

Fundi_Nguzo
Massachusetts inaingia akilini. Huko mji ndio unatoa leseni, na kuhuisha mwisho ni miaka 10. Ila mkuu, basi huna swali la intaneti, una swali la maslahi. Sheria yao ya maadili inawabana hata wajumbe wa kujitolea; jambo likigusa mfuko wa mkeo, unatoka chumbani. Jimbo lina Tume ya Maadili, wanashauri bure na kwa siri. Wapigie kabla ya Jumanne.

Na kama kweli shida yako ni bei, siyo kwenye leseni utaipata. Shrewsbury, hukohuko kwenu, mji wenyewe unaendesha kebo tangu 1983. Leverett watu hawafiki 2,000, na wamejivutia faiba yao wenyewe. Walipigiana kura mkutanoni kuubeba mkopo.

Mtoto_wa_Ujiji
Ahsante sana mkuu. Nitawapigia Jumatatu asubuhi. Ila ile barua ya kamati ya kuunga mkono nimeshaisaini.

Binti_Chake
Lini?

Mtoto_wa_Ujiji
Wiki iliyopita. Lakini ni rasimu tu.

Mkaguzi_Mkuu
Rasimu yenye saini?

Mtoto_wa_Ujiji
Ndiyo.